Uvimbe wa shingoni si ugonjwa mmoja: historia ya limfoma, kutoka Mulago hadi Mugunga

MUGUNGA, magharibi mwa mji wa Goma – Mtu akiingia katika kituo cha afya na uvimbe shingoni, maswali ya kwanza ya munganga yanajulikana. Unakohoa? Unatoka jasho usiku? Umekonda? Majibu yakiwa ndiyo, mawazo yote yanakwenda kwa kifua kikuu cha tezi. Mara nyingi mawazo hayo ni sahihi, maana kifua kikuu kinapenda mahali watu wanapobanana, na familia zilizolala miaka chini ya shiti moja zinakijua. Mgonjwa anapewa dawa za miezi 6. Wengi wanapona.

Lakini yuko yule anayemaliza miezi 6 na uvimbe uko palepale. Haumi, haukui sana, wiki nyingine unapungua kidogo halafu unarudi. Anaambiwa arudie dawa. Au anaambiwa ni sumu ya watu. Mwaka unapita.

Kuna ugonjwa mwingine wenye alama zilezile za homa, jasho la usiku, kukonda na tezi kuvimba. Jina lake ni limfoma, yaani saratani ya chembe nyeupe za damu, zile askari wa mwili zinazokaa kwenye tezi za shingo, kwapa, kinena na tumbo. Neno ni moja, lakini ndani yake kuna magonjwa makumi kwa makumi. Limfoma moja inaweza kumuua mtoto katika wiki chache. Nyingine mtu mzima anaishi nayo miaka 10, miaka 20, analima na kulea wajukuu. Sehemu kubwa ya ujuzi uliosaidia wanganga kutenganisha hizo mbili ilipatikana karibu tu, ng'ambo ya mpaka, katika mji wa Kampala.

Wa kwanza kuandika juu ya tezi za namna hiyo alikuwa daktari Mwingereza, Thomas Hodgkin, mwaka 1832 huko London. Alifungua maiti chache, akaona tezi zilizovimba ambazo hazikuwa kifua kikuu. Kwa hiyo kosa la kuchanganya magonjwa haya mawili si la wanganga wa Goma peke yao. Lina karibu miaka 200.

Kampala, 1957. Daktari wa upasuaji Denis Burkitt, mzaliwa wa Ireland mwenye jicho moja tu linaloona, anafanya kazi katika hospitali ya Mulago. Mwenzake Hugh Trowell anamwita amwangalie mtoto wa miaka 5 mwenye uvimbe pande zote mbili za taya, juu na chini. Burkitt hakuelewa. Maambukizi hayashambulii pembe nne za mdomo kwa pamoja, na saratani aliyoijua haifanyi hivyo. Muda si mrefu, akiwa Jinja, akachungulia dirishani akaona mtoto mwingine mwenye uso wa namna ileile, na huyo alikuwa pia na uvimbe tumboni. Burkitt akarudi Mulago kupekua mafaili. Wakawa wengi: watoto wa taya, watoto wa tumbo, watoto wa figo, kila mmoja ameandikiwa jina tofauti la ugonjwa. Mwaka 1958 akatangaza katika jarida la upasuaji la Uingereza kwamba huo ni ugonjwa mmoja. Mtaalamu wa hadubini wa Kampala, Gregory O'Conor, ndiye aliyesaidia kuonyesha kwamba ni limfoma.

Kinachofurahisha katika habari hii ni umaskini wa vifaa. Burkitt alipewa pauni 25 za utafiti. Akachapisha picha za watoto, akatuma karatasi zaidi ya 1,000 kwa hospitali za serikali na za misheni Afrika nzima, akiuliza swali moja: je, mnauona uvimbe huu? Majibu aliyaweka kwenye ramani kwa pini. Zikatokea kama mkanda unaokatisha katikati ya Afrika. Kusini mkanda ulikatika, na hakujua kwa nini.

Oktoba 1961 akaondoka Kampala na wenzake wawili, Ted Williams na Cliff Nelson, ndani ya gari lililokwisha kutumika. Wiki 10, kilometa 16,000 hivi, hospitali zaidi ya 50, mpaka Afrika ya Kusini na kurudi. Kila mahali swali lilelile na picha zilezile. Waliporudi, jibu lilikuwa la kushangaza: mpaka wa ugonjwa ulikuwa urefu wa nchi kutoka usawa wa bahari. Karibu na Ikweta, juu ya meta 1,500 hivi, ugonjwa ulikuwa haba sana. Kadiri walivyokwenda kusini, ndivyo mpaka huo ulivyoshuka. Baadaye Alexander Haddow, aliyekuwa akitafiti virusi Entebbe, akaona kwamba jambo lenyewe lilikuwa joto na mvua: mahali pa baridi au pakavu ugonjwa haukai. Ukiweka ramani hiyo juu ya ramani ya mbu, zinafanana.

Goma iko kwenye meta 1,500 hivi, na Mugunga vilevile, kando ya ziwa Kivu. Yaani mstari wa Burkitt unapita karibu na miguu ya watu wa hapa. Ukipanda Masisi uko juu yake; ukiteremka Walikale, kwenye msitu na malaria nyingi, uko chini yake kabisa. Na vita vimewachanganya watu wa pande zote mbili. Mtoto aliyezaliwa msituni, akaugua malaria mara kwa mara, leo analala kwenye mawe ya volkano ya Mugunga. Munganga anayesema "ugonjwa huu hauko Goma" anasahau kumuuliza mama ametoka wapi.

Malaria yenyewe haileti limfoma moja kwa moja. Machi 1961 Burkitt alitoa hotuba London, na kati ya wasikilizaji alikuwapo kijana mtafiti wa virusi, Anthony Epstein. Wakapatana kwamba vipande vya uvimbe visafirishwe kwa ndege kutoka Entebbe. Kwa muda mrefu Epstein hakuona kitu. Desemba 1963 ndege ikakuta ukungu London, ikatua Manchester, na kipande kikachelewa. Kilipofika, maji yake yalikuwa meupe kama yameoza. Wengine wangemwaga. Epstein akaweka tone chini ya hadubini, akakuta chembe zinaogelea, hai. Zikakuzwa katika chupa, na mwaka 1964 yeye, Bert Achong na Yvonne Barr wakatangaza kirusi ambacho leo kinaitwa Epstein-Barr. Karibu watu wazima wote duniani wanacho, na wengi hakiwadhuru. Lakini kwa mtoto ambaye kinga yake imechoshwa na malaria ya kila mara, kinapata nafasi. Virusi vya Ukimwi navyo vinafungua mlango kwa limfoma za aina kadhaa, ndiyo maana kipimo cha Ukimwi hakikosi katika uchunguzi wa ugonjwa huu.

Matibabu ndiyo yaliyoshangaza dunia kuliko yote. Mulago haikuwa na mashine ya miali, na kupasua taya nzima ya mtoto hakukusaidia. Zilibaki dawa, ambazo wakati huo zilikuwa mpya: methotrexate, cyclophosphamide, vincristine. Burkitt huko Kampala na Peter Clifford huko Nairobi wakazijaribu. Uvimbe wa ukubwa wa chungwa ukayeyuka katika siku chache. Baadhi ya watoto walipata dozi moja au mbili tu, wazazi wakawarudisha kijijini, na miaka baadaye wakaonekana wazima. Mwaka 1967 Kampala ikafungua kituo cha limfoma kilichozaa Taasisi ya Saratani ya Uganda, chini ya Mmarekani John Ziegler. Wakati wa Idi Amin wageni wakaondoka, dawa zikawa shida, na Mganda Charles Olweny akaendelea na kazi. Inafaa kukumbukwa, kwa wale wanaosema saratani haiwezi kutibiwa katika nchi yenye vurugu.

(Vincristine hutoka katika ua la Madagascar, lile la rangi ya waridi au jeupe linalopandwa kama pambo mbele ya nyumba. Kuchemsha majani yake nyumbani si matibabu. Dozi ya hospitali inapimwa kwa miligramu, na majani ya kuchemsha hayana kipimo; yamejaa sumu.)

Hapa linakuja jambo ambalo familia nyingi halizielei vizuri, na hata wanganga wengine hawana muda wa kulieleza. Limfoma ya haraka, ile ya Burkitt, inaogopesha lakini inaweza kupona kabisa. Limfoma ya polepole haiogopeshi, lakini ikishaenea kwa kawaida dawa haziing'oi mizizi yote. Inapungua, inalala, inarudi.

Sababu iko ndani ya chembe. Dawa nyingi za saratani huua chembe wakati inapojigawa. Ya Burkitt inajigawa usiku na mchana, kwa hiyo dawa inaikuta kazini. Katika limfoma ya polepole iliyo ya kawaida zaidi, inayoitwa folikula, shida ni nyingine. Mwishoni mwa miaka ya 1970 na mwanzoni mwa ile ya 1980 watafiti waliona kwamba vipande viwili vya urithi, namba 14 na namba 18, vimebadilishana mahali, na kwa sababu hiyo chembe haipati amri ya kufa. Haina haraka ya kuzaa, ila inakataa kuzikwa. Chembe zinajaa taratibu kama mahema ya kambi ambayo hakuna anayeondoka.

Ndiyo maana madaktari walianza kujiuliza swali lililoonekana la ajabu: je, mgonjwa asiyesikia maumivu yoyote, tumpe dawa za nini? Katika miaka ya 1970 na 1980 Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, kiliwafuata wagonjwa waliosubiri bila dawa, wakaonekana hawafi mapema kuliko wengine. Uingereza ikafanya jaribio kubwa lililochapishwa mwaka 2003: wagonjwa 309 wenye limfoma ya polepole iliyoenea lakini isiyowasumbua, nusu wakapewa dawa mara moja, nusu wakasubiri wakipimwa. Urefu wa maisha ukawa sawa kwa makundi yote mawili. Kati ya waliosubiri, kama 1 kwa 5 walipitisha miaka 10 bila kuhitaji kemoterapi. Kwa wenye zaidi ya miaka 70 ilikuwa 2 kwa 5.

Kusubiri huko si kutupwa. Lakini mtu ambaye amewahi kurudishwa kwenye lango la hospitali kwa kukosa franka akiambiwa "nenda usubiri", atasikia neno lilelile. Tofauti lazima ielezwe. Kusubiri kwa kweli kuna tarehe: kurudi kila miezi 3 mwanzoni, tezi zinapimwa kwa mkono, damu inaangaliwa, uzito unaandikwa. Na kuna alama zinazovunja kusubiri siku hiyohiyo. Tezi moja ikianza kukua haraka kuliko nyingine, homa na jasho la kulowesha shuka, uzito kushuka, tumbo kujaa, pumzi kukata, miguu kuvimba upande mmoja. Kila mwaka wagonjwa wachache kati ya 100 wenye limfoma ya polepole wanageukiwa na ile ya haraka, na hapo mpango wote unabadilika.

Je, karatasi ya matokeo inasema nini? Kwanza, kipimo cha damu peke yake hakitoshi. Wengi wameambiwa "damu iko nzuri" wakafurahi. Hesabu ya damu inaweza kuwa nzuri kabisa na limfoma ikawepo. Jibu linatoka kwenye kipande cha tezi, na kwa limfoma ya polepole ni vizuri tezi nzima itolewe, maana sindano nyembamba inanyonya chembe bila kuonyesha zilivyojipanga. Sindano hiyo inafaa sana kutafuta kifua kikuu. Kwa limfoma mara nyingi inaacha shaka. Kipande kinawekwa kwenye formalini mara moja, si kwenye maji ya kawaida wala alkoholi ya duka. Kikifika labo kinazamishwa kwenye nta, kinakatwa vipande vyembamba kuliko karatasi, kinapakwa rangi.

Kwenye karatasi tafuta kwanza jina: folikula, ya ukingo, ya chembe ndogo, au kubwa iliyosambaa. Hiyo ya mwisho ni ya haraka. Kisha daraja, 1 hadi 3: 1 na 2 ni polepole. Kuna pia namba ya Ki-67, yaani asilimia ya chembe zinazojigawa. Katika Burkitt inakaribia 100. Katika folikula ya polepole kwa kawaida iko chini ya 20. Maandishi CD20 yenye alama ya kujumlisha yanamaanisha chembe ina kishikio ambacho dawa ya rituximab inaweza kukamata.

Hatua ya ugonjwa, kutoka I hadi IV, ni jambo jingine kabisa, na hapo ndipo machozi mengi yanamwagika bure. Mtu akisoma "hatua ya IV" anaita ukoo kuaga. Katika saratani ya titi au ya ini ana sababu ya kuogopa hivyo. Katika limfoma ya polepole, hatua ya IV mara nyingi ina maana tu kwamba chembe zimeonekana pia kwenye uboho wa mifupa, na wagonjwa wengi wanagunduliwa wakiwa hapo tayari. Bado wanaweza kuwa katika kundi la kusubiri. Herufi B pembeni ya namba inamaanisha kuna homa, jasho la usiku au kukonda zaidi ya sehemu 1 kwa 10 ya uzito katika miezi 6. Herufi A inamaanisha hakuna hata kimoja.

Ikifika saa ya kutibu, njia si moja. Ugonjwa ukiwa mahali pamoja tu, miali inaweza kuuondoa kwa miaka mingi, lakini mashine za miali ni haba: ya pekee ya Uganda ilipoharibika mwaka 2016, nchi nzima na majirani zake walikwama. Ukiwa umeenea, zipo dawa za zamani na za bei ndogo, cyclophosphamide, vincristine na prednisolone. Mzee asiye na nguvu anaweza kupewa vidonge peke yake. Rituximab, iliyoruhusiwa Marekani mwaka 1997 kwa limfoma za polepole, iliongeza maisha ya wengi, na tangu 2015 iko kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Kuwa kwenye orodha hakujaifikisha katika kila famasia. Na kabla ya kuipata, mgonjwa lazima apimwe hepatiti B, kwa sababu dawa hiyo inaweza kukiamsha kirusi kilicholala na kuharibu ini. Mgonjwa ana haki ya kuuliza kipimo hicho hata kama hakuna aliyekitaja.

Kwa mtoto mwenye taya iliyovimba, meno yanayolegea, au tumbo linalokua kwa siku, hakuna kusubiri kokote. Huyo aende hospitali kuu leo. Uvimbe wake unaweza kuongezeka maradufu kabla ya soko lijalo.

Wagonjwa wa Goma wenye uwezo wamezoea kutafuta njia ya Kampala, au Rwanda, ambako kituo cha saratani cha Butaro kilifunguliwa mwaka 2012. Wengine wanabaki. Kwa wote, shida ya kwanza si dawa bali karatasi. Mtu aliyekimbia Sake usiku hakubeba matokeo ya labo. Alibeba mtoto na sufuria. Vita vilipoingia mjini Januari 2025, na kambi za Mugunga zikaondolewa Februari, watu wakatawanyika tena kuelekea Masisi na Rutshuru, na makaratasi yakapotea kwa mara ya pili, ya tatu. Mgonjwa aliyekuwa akisubiri kwa tarehe akawa anasubiri bila tarehe, na munganga mpya anaanza upya: unakohoa?

Kwa hiyo picha ya matokeo kwenye simu ya mtoto wa kaka, nyingine kwa pasta au jirani, si jambo la kuchekwa. Namba ya kipande cha labo ndiyo ya thamani zaidi. Kile kipande cha nta hakiozi. Labo iliyokihifadhi inaweza kukikata tena baada ya miaka, mgonjwa akiwa Minova au Kiwanja, bila kumpasua mara nyingine.

Huko Kampala hospitali ya Mengo ilianzishwa na Albert Cook mwaka 1897, naye alikuwa mtu wa kuandika kila kitu: jina la ugonjwa, mahali mgonjwa alipotoka, mara nyingine hata mchoro. Daftari zake zilipita vita viwili vya dunia. Mwaka 1964 watafiti wa Makerere walitangaza walichokuta walipozifungua. Watoto wenye uvimbe wa taya walikuwamo tayari tangu mwanzo wa karne, miaka 50 kabla ya Burkitt, wameandikwa kwa mkono.